Tarakimu Mbili Zinatosha

Ma Leokadia tulimzika Jumanne, nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, huko Kibingo. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na watu walikuwa wengi. Msemaji wa familia alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne: mkulima, mama wa watoto watano, mwanakwaya wa sauti ya pili, na "kwa muda mfupi alisaidia zahanati kupima uzito wa watoto." Kisha akaniita. "Yupo hapa dada Jovitha kutoka Kayanga, aliyekaa na marehemu nyumba moja mwaka mzima. Aje atuambie neno." Nikasimama, nikapokea kipaza sauti, nikasema alikuwa mkarimu, kwamba alinifundisha kumenya ndizi bila kujikata, kwamba nilikuwa kama mwanawe. Watu wakaitikia kwa vichwa, mama mmoja akajifuta macho, nami nikarudi kukaa. Nilizungumza kama dakika nne na sikusema neno hata moja la maana. Yale maneno "kwa muda mfupi" ndiyo yaliyonichoma, maana katika umati ule wote mimi peke yangu nilijua kwa nini muda ule ulikuwa mfupi. Niliufupisha mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne nilipofika kwake. Kyerwa ilikuwa wilaya changa, ndiyo kwanza imekatwa kutoka Karagwe, na watu wa Kibingo bado walikuwa wakisema "naenda wilayani" wakimaanisha Kayanga, makao ya wilaya ile ya zamani. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kompyuta, na mradi mmoja mdogo wa lishe uliokuwa ukiisaidia zahanati ya kijiji ulinipa mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa madaftari ya uzito wa watoto kwenye kabati na kuyaingiza kwenye kompyuta, kisha kila mwezi kompyuta itoe orodha ya watoto wanaopungua ili wapewe barua ya rufaa kwenda hospitali. Kijijini hapakuwa na nyumba ya kupanga. Nikapewa chumba kwa mpima uzito wa zahanati, mama wa miaka hamsini na kitu aliyefanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kila mtu alimwita Ma Leokadia, kama wanawake watu wazima wanavyoitwa kwetu, nami nikamwita hivyo tangu siku ya kwanza, nikiwa nimepiga goti kidogo na kusema shikamoo.

Chumba changu kilikuwa kile alichohifadhia kahawa. Magunia yaliondolewa lakini harufu ilibaki, na hadi leo nikipita karibu na kahawa kavu namkumbuka kabla sijajua ninamkumbuka nani. Kulikuwa na kitanda cha chuma, meza iliyoegemezwa dirishani, na waya ulioshuka kutoka kwenye paneli ya sola iliyofungwa kwa ajili yangu juu ya bati. Ukuta wa kati haukufika darini, kwa hiyo lililosemwa sebuleni nililisikia lote, na nadhani naye alisikia kila nilipojigeuza. Sebuleni ndiko tulikokula, mkekani. Ndizi zilizopikwa na maharage sufuria moja, zikafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka mvuke uzilainishe. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mjukuu wake Kemilembe, mtoto wa miaka mitatu kasoro miezi, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi Bukoba. Kemilembe alinipenda bila sababu yoyote. Alikuwa akichota maharage kwenye sahani yangu na kunitazama usoni aone kama nitamkaripia.

Siku za kupima, Ma Leokadia alining'iniza mizani kwenye boriti ya kibaraza cha zahanati. Kwanza alivua viatu vyake, sijui kwa nini, kisha akampokea mtoto, akamvisha ile kaptura ya kamba na kumtundika. Watoto wote hulia wakining'inia. Wapimaji wengine niliowaona baadaye maishani walisoma mshale ukiwa bado unachezacheza, wakakisia, wakaandika. Yeye alisubiri. "Tulia waitu, tulia," alimbembeleza mtoto kwa sauti ya chini, akimwita wetu kwa Kinyambo, lugha ya huko, mkono mmoja ukiwa karibu na miguu yake bila kuigusa, na mstari wa kina mama ungeweza kunung'unika utakavyo, hakuandika mpaka mshale usimame kabisa. Ndipo alipoitaja namba kwa sauti, "Sita nukta nne," akaiandika, akaitazama mizani tena, akaitazama namba tena. Mwezi wa kwanza nilimwona mtu wa kupoteza muda. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu fulani.

Mganga wetu, Daktari Deusi, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Siku nilipomwonyesha orodha yangu ya kwanza, namba zilitoka na mkia mrefu, maana nilikuwa nimeweka wastani na mambo mengine ambayo hakuna aliyeniagiza. Akaziangalia kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake. "Dada, usitujazie manamba. Tazama daftari la Ma." Akaweka kidole kwenye ukurasa uliokuwa wazi. Ulikuwa ukurasa wa watoto wachanga: sita nukta nne, saba nukta nane, tano nukta tisa. "Tarakimu mbili. Tarakimu mbili zinatosha." Alimaanisha alichokiona: kilo, nukta, na namba moja baada yake, kama mizani inavyosoma. Mtu yeyote mwenye akili timamu angemwelewa. Lakini mimi nilikuwa na elimu, na elimu yangu ilikuwa mpya kiasi cha kunibana. Nilisikia tarakimu mbili nikakumbuka somo tulilofundishwa kwa Kiingereza, la kuzikadiria namba ili zibaki zile tu zenye uzito, nami nikalitafsiri mwenyewe palepale kuwa "tarakimu muhimu". Nikafurahi kabisa. Nilidhani nimempata mganga wa kijijini anayejua hesabu za chuo.

Nitaeleza kosa lenyewe taratibu, maana nimelieleza haraka haraka kichwani kwa miaka mingi na haraka hiyo ilikuwa njia ya kulikimbia. Programu yangu niliiandika kwa lugha ya Python. Katika lugha hiyo, ukitaka kuamuru namba ionekane vipi, unaandika alama ya asilimia, nukta, idadi ya tarakimu, na herufi moja mwishoni. Ukimaliza kwa f, kompyuta inahesabu tarakimu kuanzia kwenye nukta kwenda kulia. Ukimaliza kwa g, inahesabu kuanzia tarakimu ya kwanza ya namba yenyewe, popote ilipo. Mimi niliandika mbili na g. Mtoto wa kilo sita nukta nne alibaki sita nukta nne, sawasawa kabisa, tarakimu mbili. Lakini mtoto wa kilo kumi na moja nukta nne ana tarakimu mbili tayari kabla ya nukta, kwa hiyo kompyuta ilimwacha na kumi na moja, na hiyo nne ikatupwa. Kumi nukta sita nayo ikapandishwa ikawa kumi na moja. Na kosa la juu ya kosa, ambalo leo nawakataza wanafunzi wangu mpaka wananichoka, nilizikata namba kwanza ndipo nikazilinganisha. Mtoto angeweza kushuka kutoka kumi na moja nukta nne hadi kumi nukta sita, na kompyuta ingeona kumi na moja na kumi na moja, ikasema hajapungua. Niliijaribu programu kwa ukurasa ule ule wa watoto wachanga. Haikukosea hata mara moja.

Orodha zikaanza kutoka, zimepigwa chapa, zimenyooka. Daktari Deusi alizibandika ukutani kwa gundi na kuwaonyesha wageni. Watu wakaanza kuniita dada wa kompyuta, na nilipopita sokoni Nkwenda kuna muuza nyanya aliyenisalimia kwa jina hilo hilo, nikajifanya sikufurahi. Kichwa kilinivimba, nisifiche. Nilimwandikia rafiki yangu ujumbe kwamba kabla sijaja watu hawa walikuwa wakikisia tu. Naukumbuka ujumbe huo neno kwa neno na natamani ningekuwa nimeusahau.

Aliyeliona kosa ni Ma Leokadia, na alihitaji miezi miwili tu. Tulikuwa tunakula. Akamaliza kumchambulia Kemilembe ndizi, akasema, bila ugomvi wowote, "Jovi mwanangu, mashine yako inawanyoa watoto wakubwa."

"Inawanyoaje, Ma?"

"Mimi naandika kumi na mbili nukta saba. Ukutani nakuta kumi na tatu. Naandika kumi na moja nukta tatu, nakuta kumi na moja tupu. Wachanga umewaacha na nukta zao. Hawa wakubwa wamekukosea nini?"

Nikacheka. Nikaweka tonge chini nikaanza kumfundisha, mimi mgeni wake, juu ya mkeka wake. Nikamwambia katika hesabu kuna tarakimu muhimu na zisizo muhimu, na kwamba mtoto akiwa mkubwa, gramu mia mbili tatu si kitu, akinywa maji kikombe kimoja tayari zimebadilika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Nani kasema si muhimu?" akauliza.

"Hesabu, Ma. Siyo mimi."

"Haya," akasema, akaninyanyulia sufuria niongeze maharage. Kesho yake, nikiwa chumbani, nilimsikia akiongea na jirani aliyekuja kuomba moto. Walikuwa wakizungumza Kinyambo wakidhani nimetoka. Jirani aliuliza huyu msichana wa kompyuta ni mtu wa namna gani. Ma Leokadia akamjibu kwamba ni mtoto mzuri, anasali, anakula chochote, ila amesomeshwa kutupa vitu ambavyo mizani imevisoma. Wakacheka wote wawili, wala hakikuwa kicheko kibaya. Mimi nilikasirika siku nzima.

Ulipofika msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, watoto wote wa kijiji walikuwa majanini asubuhi na mapema na makopo yao. Kemilembe alikaa kizingitini. Niliona hilo. Niliona pia kwamba alikuwa ameacha kuwafukuza kuku, kwamba kitu kikianguka chini hakuinama kukiokota bali alichuchumaa polepole huku mgongo ameukaza kama ubao, na kwamba maharage yangu yalikuwa salama sahanini siku hizi. Nikadhani anakua, amekuwa mpole. Nililala chumba cha pili kutoka kwake, nikala naye mkeka mmoja kila siku, na nilipotaka kujua hali yake niliangalia karatasi. Karatasi ilisema kumi na moja.

Ma Leokadia alinijia zahanatini, siku ya kupima, kina mama wakiwa wamejaa kibarazani. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki ya Kemilembe. "Jovi, mwingize mtoto kwenye orodha. Anashuka. Tazama nukta zangu." Aliniwekea kadi mbele. Nukta zilizochorwa kwa kalamu zilikuwa zikiteremka, kidogo kidogo, kila mwezi. Nikasema nukta ya kalamu ni nene, inaweza kubeba nusu kilo ndani yake. Akasema basi mtazame mtoto mwenyewe. Hapo nikajua kina mama wananisikiliza, na nilisema nilichosema nikijua wananisikiliza: "Ma, kompyuta haiangalii mtoto ni mjukuu wa nani. Nikimwingiza wako, hawa wote nitawajibu nini?"

Mama mmoja nyuma akaguna, ule mguno wa "alaa, kumbe". Ma Leokadia akaikunja kadi, akaiweka kwenye kanga, akarudi kwenye mizani yake na kumwita mtoto aliyefuata. Daktari Deusi alimpa Kemilembe dawa ya kikohozi na kumtuliza bibi kwamba uzito umesimama vizuri, akaonyesha ukuta. Bila kupungua hakuna rufaa, na rufaa ilitoka kwenye orodha yangu. Jioni ile alinipikia kama kawaida. Hakulirudia jambo lile tena, nami nikauchukua ukimya wake kama ushindi.

Baada ya wiki tano hivi, asubuhi, Kemilembe alishindwa kusimama. Miguu ilikuwa pale lakini haikumtii. Ma Leokadia hakunigeukia, wala hakumgeukia Daktari. Alimfunga mjukuu mgongoni, akaita bodaboda ya kuwafikisha Nkwenda, na kutoka hapo wakapata gari la Kayanga. Nyumba ikabaki na mimi. Nilijaribu kupika ndizi nikaziunguza. Mchana nikapata wazo la kujifanya wa maana: nitawapelekea hospitali historia ya uzito wa mtoto, imepigwa chapa. Nikaifungua. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Sijui ni kitu gani kilinifanya nilifungue daftari. Labda ni kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na hakuna mtu wa kunitazama. Nikapeleka kidole kwenye jina lake, mwezi hadi mwezi. Kumi na moja nukta nne. Kumi na moja nukta mbili. Kumi nukta tisa. Kumi nukta sita. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyefunzwa na masista, kila tarakimu imesimama peke yake, safi, hata mtoto wa darasa la pili angeisoma.

Nikaisahihisha programu, nikabadili mbili kuwa moja na g kuwa f, nikaifanya ilinganishe namba nzima kabla ya kuikata. Ilichukua dakika tatu. Orodha mpya ikatoka na majina saba ambayo hayakuwamo. Nilikimbia nayo zahanatini nikamwambia Daktari kuna watoto wa kupelekwa upesi, nikazing'oa zile karatasi za zamani ukutani, nikasema nazibadilisha kwa sababu zimefifia. Wale sita wengine walipelekwa wiki hiyo hiyo, wakatibiwa, wakainuka. Hilo nimelishikilia miaka yote kama mtu anayeshikilia stakabadhi. Lakini Kemilembe alikutwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alikuwa amebaki na kilo tisa nukta saba. Waliokoa miguu yake. Mgongo ulikuwa umeshapinda.

Hospitali ikaandika barua kuuliza imekuwaje mtoto anayepimwa kila mwezi afikie hali ile bila kuonekana. Msimamizi wa mradi, Bwana Kamugisha, akaja na pikipiki yake, akatukusanya chumbani kwa Daktari: mimi, Daktari, na Ma Leokadia aliyerudi siku hiyo hiyo kufuata nguo za mtoto. Alikuwa amekonda naye. Bwana Kamugisha akaniuliza mimi kwanza, kwa upole, maana nilikuwa msomi mwenzake. Nimejidanganya mara nyingi kwamba nilibabaika, kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilikuwa nimekaa na sentensi hiyo tangu juzi yake, nimeigeuza kitandani mpaka ikawa laini. Nikasema: "Daftari lilikuwa gumu kusomeka. Nne zake zinafanana na tisa. Pale niliposhindwa kusoma baada ya nukta, niliweka kilo nzima."

Akalivuta daftari. Mtu akishaambiwa nne inafanana na tisa, ataona inafanana. Akafunua kurasa tatu nne, akapata moja ambayo mtoto alikuwa amempiga teke mkono wakati anaandika, akatikisa kichwa. Daktari Deusi alinitazama. Nadhani alizikumbuka zile karatasi za ukutani, na nadhani pia alikumbuka ni yeye aliyesema tarakimu mbili zinatosha, kwa hiyo akatazama dirishani. Ma Leokadia alikuwa amesimama. Nilimsubiri aseme. Nilitaka aseme, nakuapia, nilitaka anigeuzie meza, aseme huyu nilimwambia mkekani kwangu akanicheka. Yeye akaliomba daftari. Akalishika mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali.

"Labda," akasema. "Labda ni macho yangu."

Bwana Kamugisha akamwambia kwa heshima zote kwamba apumzike sasa, amejitolea vya kutosha, atatafutwa kijana. Akasema asante. Akatoka kibarazani, akaifungua mizani kwenye boriti, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka mezani kwa Daktari. Mimi nilibaki nimekaa. Ningeweza kusema hadi pale alipofika mlangoni. Ningeweza kusema akiwa njiani. Ningeweza kusema usiku, asubuhi, na miezi minne yote iliyobaki ya mkataba wangu, kila siku, kwani niliendelea kulala kwake na kula kwake. Ushahidi wote ulikuwa kwenye kompyuta yangu. Kila nilipofungua mdomo niliona kazi ikiniponyoka, kwa sababu mradi mwingine mkubwa zaidi ulikuwa umesikia habari za orodha zangu na kuniandikia. Nilikuwa nimelipata nililokuwa nalikimbilia.

Jambo ambalo nimeshindwa kumwambia hata mume wangu ni hili. Kemilembe alipokuwa bado wodini, Ma Leokadia alirudi nyumbani Jumamosi moja, akaoga, akala, kisha akaja mlangoni kwangu na kipande cha karatasi ya sukari na kalamu. "Jovi," akasema, "nionyeshe nne mnavyoiandika siku hizi." Nikamwonyesha. Nilishika kalamu, nikaandika nne kubwa iliyo wazi kwa juu, nikamwambia usiifunge hapa, Ma, ukiifunga inakuwa kama tisa. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu akaandika mstari mzima wa nne, na mwingine, na mwingine, akiniuliza kila baada ya mstari kama hii sasa ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri. Nilimsifu.

Mkataba ulipoisha alinisindikiza hadi barabarani na mkungu wa ndizi. Niliondoka na barua ya pongezi. Leo nakaribia arobaini, nafundisha kompyuta hapa Kayanga, nina nyumba, nina heshima. Nilimtembelea mara tatu katika miaka yote hiyo, kila mara na zawadi, kila mara nikiwa nimeapa njiani kwamba leo. Sabuni, sukari, blanketi. Alipokea kwa mikono miwili na kuniita mwanangu mbele ya watu. Kwake nilikuwa na jina jema kuliko lake mwenyewe.

Siku tano baada ya mazishi nilirudi Kibingo. Kemilembe alikuwa jikoni akichambua maharage. Yuko kidato cha tatu, mfupi kwa umri wake, bega moja liko juu kuliko jingine, na akikaa huegemea ukuta kwa ubavu. Aliinuka kunisalimia nikamwomba akae. Nikamwambia yote, kwa mpangilio niliouandika hapa, pamoja na g na f, maana shuleni kwao wanasoma mambo hayo na nilitaka aelewe kwamba halikuwa jambo la bahati mbaya tu. Hakunikatiza. Ana tabia ya bibi yake.

"Kwa hiyo bibi alikuwa anaona vizuri?" akauliza nilipomaliza.

"Alikuwa anaona vizuri kuliko sisi wote."

"Na aliandika vizuri?"

"Vizuri sana."

Akayashusha maharage chini. Kisha akasema bila kunitazama, "Mgongo wangu ukiniuma, yeye ndiye alikuwa ananikanda. Tangu nikiwa mdogo. Na kila akinikanda alikuwa ananiomba msamaha. Anasema, nisamehe mjukuu wangu, mkono wangu uliandika vibaya."

"Mimi nilikuwa namwambia nimekusamehe, bibi," akasema Kemilembe. "Kila mara. Nilimwambia nimekusamehe."